Dola Kumi na Mbili kwa Saa

Khamis ana miaka arobaini na saba na mikono isiyotulia. Akimwona mtu mzima anahangaika na kitu, hata kama ni kifuniko cha chupa tu, mikono inakwenda yenyewe. Kwao Tanga alilelewa hivyo: mzee hainuki kwa taabu huku vijana wamekaa wanamtazama. Ni tabia nzuri, na ndiyo iliyotaka kumtoa kazini.

Kazi yenyewe ni usaidizi wa fizio, katika kituo kimoja cha mazoezi ya viungo huku Campbelltown, pembezoni mwa Sydney, Australia, si mbali na nyumbani kwake Minto. Fizio ni yule aliyesomea mifupa na misuli, anayempima mgonjwa na kuamua afanye mazoezi gani. Msaidizi ndiye anayebaki na mgonjwa mazoezi yakifanyika. Fizio anasema, "Huyu ainuke kwenye kiti mara kumi," kisha anakwenda kwa mwingine. Msaidizi anahesabu, anatia moyo, anaangalia mtu asianguke. Mimi hufanya usafi kituoni hapo na asubuhi nyingi Khamis hunipa lifti, kwa hiyo haya mengine nimeyaona, na mengine kanisimulia mwenyewe kwenye gari.

Kabla ya hapo alisafisha ofisi za mjini usiku, miaka tisa. Alikuwa akirudi Minto kwa treni wakati watoto wake wanavaa sare za shule. Walimjua baba yao kama mtu anayelala. Mkewe, Suhaila, ndiye aliyemsukuma akasome kozi ya usaidizi. Kituo kilimpa mkataba wa mwaka mmoja, unaoisha Juni. Ili apewe kazi ya kudumu, fizio anayemsimamia ilibidi amtazame akiwa na wagonjwa, kisha atie sahihi kwamba huyu anaweza kuachiwa mgonjwa peke yake. Asipoipata sahihi hiyo, ofisi za mjini bado zina vumbi na bado zinafagiliwa usiku.

Mwezi wa Aprili fizio wake alihamia Brisbane. Nafasi ikachukuliwa na binti aliyemaliza chuo kikuu juzijuzi. Khamis alipomwona akiingia na kitambulisho shingoni, taulo zilimdondoka.

"Shikamoo, baba mdogo," akasema yule binti mbele ya watu wote, na magoti akayapinda kidogo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Khamis. Kisha akakumbuka yuko wapi. "Yaani, bosi."

Alikuwa Huda. Baba yake Huda, ambaye sasa ni marehemu, na Khamis ni watoto wa ndugu wawili. Huda alikuja Sydney na mama yake akiwa na miaka tisa, na Khamis ndiye aliyewapokea uwanja wa ndege na kumnunulia koti la kwanza la baridi, koti la rangi ya chungwa ambalo Huda analichukia mpaka leo. Sasa yule mwenye koti la chungwa ndiye wa kumwambia baba mdogo afanye hivi, asifanye vile.

Hakuweza. Kila asubuhi shikamoo, na magoti yakipinda, mpaka meneja, mama mmoja mkarimu wa hapahapa, akamuuliza Huda kwa upole kama goti lake lina tatizo na kama angependa mmoja wa wenzake alipime. Na kazi ilipofika wakati wa kutolewa, Huda alizunguka: "Baba mdogo, samahani, kama una nafasi, wala si lazima, labda ungemwangalia yule bibi wa Cabramatta, ukipenda." Alipomaliza kuomba radhi, bibi wa Cabramatta alikuwa ameshachoka kusubiri amekwenda kunywa chai.

Shida nyingine ilikuwa chakula cha mchana. Kwetu mkubwa hamwachii mdogo alipe. Huda akichukua mkate wenye samaki pale dukani chini, Khamis keshafika kwenye mashine na kadi yake. Juisi, Khamis. Kahawa ya saa nne, Khamis. Na kila mtu chumba cha chai alijua nani analipwa nini, maana Léonie alikuwa amelisema.

Léonie ni msaidizi mwenzake, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, na hana siri na mtu.

"Khamis, wewe njo muzazi gani?" alimwambia siku moja, sote tukiwa tumekaa na vikombe. "Wewe unapata dola makumi tatu na mbili kwa saa. Ule mutoto anapata makumi ine na ine. Na ni wewe unamulisha?"

"Mwanangu yule, Léonie."

"Mwana wako yuko anakupita dola kumi na mbili! Kila saa! Ukienda chooni, akienda chooni, yeye anarudi na pesa mingi kukupita."

"Amesoma miaka minne. Na mkopo wa chuo anakatwa."

"Anasoma, ndiyo. Anasoma kuonyesha kidole. 'Muzee huyu, mara kumi. Mama huyu, mara kumi na tano.' Halafu anaenda, na wewe unabaki na muzee. Kumi na mbili ya kidole, mon Dieu! Hata mimi niko na kidole."

Tulicheka. Khamis alicheka pia, lakini alipotoka pale alikwenda kumnunulia Huda chapati za Kihindi, kama mtu aliyetaka kuthibitisha jambo.

Sasa kuhusu mikono. Kulikuwa na mgonjwa anaitwa Douglas, dereva wa malori mstaafu, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuita mbwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa amebadilishwa nyonga. Kwake anaishi peke yake na njiwa wake wa mashindano, ila tangu apasuliwe alikuwa akikaa kwa dada yake mpaka fizio amruhusu kurudi, na hapo kituoni alikuwa na jambo moja tu kichwani: kurudi nyumbani kabla jirani hajawalisha njiwa wake wakanenepa wakashindwa kuruka. Huda alimpangia kuinuka kwenye kiti mara kumi, bila kushikilia kitu, bila kusaidiwa.

Douglas alimpenda Khamis kuliko wasaidizi wote. Sababu yake ilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye macho. Douglas alikuwa akianza kuinuka, anaguna, uso unakuwa mwekundu, na mara mkono wa Khamis uko chini ya kwapa lake, mwingine mgongoni, na Douglas yuko juu kama aliyepanda lifti.

"Mara kumi!" Khamis anatangaza. "Hodari kabisa, mzee wangu!"

"Umeona?" Douglas anasema. "Niko fiti."

Huda alisimama nyuma ya pazia akaona yote. Siku ya kwanza, ya pili, wiki ya pili. Ndiyo kazi aliyopewa, kumtazama. Aliona Khamis akimvalisha Douglas viatu ambavyo Douglas alitakiwa avivae mwenyewe. Aliona akimnyanyulia bibi wa Cabramatta mguu ambao bibi alitakiwa aunyanyue. Alifungua mdomo mara nyingi, na kila mara kilichotoka kilikuwa, "Ahsante, baba mdogo."

Meneja alimwita Huda ofisini. Mimi nilikuwa nafuta vioo vya mlangoni na mlango ulikuwa wazi. Alisema mkataba wa Khamis unakaribia kwisha, na wagonjwa wake wana furaha kuliko wote lakini hawapati nguvu. Ijumaa anataka jibu: anafaa au hafai. Huda alitoka na sura ya mtu aliyeambiwa amchinje mbuzi aliyemlea.

Jioni hiyo alimpigia simu bibi yake Tanga, Bi Amne, mama wa mama yake. Kule ilikuwa asubuhi. Huda mwenyewe alikuja kutusimulia mazungumzo hayo, na kumwigiza bibi yake anakujua.

"Bibi, siwezi. Nitamwambiaje baba mdogo kwamba anakosea? Nikisema hafai, nimemfukuza kazi. Nikisema anafaa, nimedanganya."

"Khamis yupi huyo?" aliuliza Bi Amne. "Mwana wa Mwanahawa?"

"Ndiyo."

Bi Amne akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Baba mdogo! Nani kakwambia ni baba yako mdogo?"

"Kwa upande wa baba."

"Kwa upande wa baba, sawa. Na kwa upande wangu je? Mwanahawa alikuwa mdogo wake mama yangu, kitinda mimba. Mtoto wake Khamis ni ndugu yangu mimi. Mimi ni bibi yako, basi yule ni nani wako?"

Huda alifikiri. "Babu?"

"Babu! Na babu mtu anamfanya nini? Anamtania! Unasubiri nini, mwanangu? Nenda kamseme mumeo huyo mpaka asikie."

Ndugu wanaokutana kwa pande mbili ni jambo la kawaida kwetu, na mtu huchagua upande unaomfaa siku hiyo. Ila kati ya baba mdogo na babu kuna umbali mkubwa. Kwa baba mdogo unainamisha kichwa. Babu ni mtani wako. Unaweza kumwambia anakoroma, kwamba amezeeka vibaya, kwamba unasubiri afe urithi uingie, na yeye anakuita mke wake na kulalamika kwamba hupiki. Hakuna anayekasirika. Akikasirika yeye ndiye mwenye kosa.

Asubuhi ya pili Khamis alikuwa anapanga mipira ya mazoezi. Huda akaingia. Magoti hayakupinda.

"We kizee," akasema, "kumbe bado hujafa?"

Mpira ulimtoka Khamis ukaenda zake hadi mlangoni. Nilisimama na fagio langu. Nilidhani binti amerukwa na akili.

"Huda, mwanangu, una homa?"

"Mwanao nani? Muulize dada yako Amne. Mama yako na mama yake tumbo moja. Wewe ni babu yangu, na babu mwenyewe ndiye huyu, kipara kinang'aa mpaka kinawaumiza macho wagonjwa."

Khamis alisimama akihesabu ukoo kwa vidole. Aliuhesabu upya kutoka upande wa pili. Kisha uso ukamfunguka. "Lo! Kweli! Basi wewe ni mke wangu! Na siku zote hizi nakununulia mikate ya samaki kumbe hata chai hujawahi kunipikia!"

Kwa bahati mbaya hapo ndipo Léonie alipoingia, na neno alilolisikia ni "mke wangu". Akaweka mkoba chini.

"Khamis! Ule mutoto? Na Suhaila anajua?"

Ilibidi wote wawili wamweleze, wakiongea kwa pamoja, na mimi nikatikisa kichwa kuthibitisha. Alipoelewa alipiga makofi. "Aa! Njo vile? Kwetu pia mujukuu ni muke ya babu yake! Huda, mwambie! Mwambie yote!"

"Nitamwambia," Huda akasema. Akavuta kiti, akamkalisha Khamis, naye akakaa mbele yake. "Sikiliza, kizee. Mikono yako ina kiherehere. Douglas hajainuka hata mara moja tangu aje hapa. Unayeinuka ni wewe. Kama ni nguvu, sasa hivi wewe ndiye una nyonga mpya."

Khamis alicheka. Huda hakucheka.

"Nacheka nawe, babu, lakini nasema kweli. Nikiulizwa leo, nitaandika hufai."

Kicheko cha Khamis kilikatika. Alitazama mikono yake. Alisema kwa sauti ndogo, "Mtu mzima yule, Huda. Anaguna mbele yangu. Nimtazame tu?"

"Umtazame tu."

"Kwetu hilo ni tusi."

"Kwako ni tusi. Kwake ndiyo dawa. Zile dola kumi na mbili ninazokuzidi, unajua ninalipwa za nini?"

"Za kidole," Léonie akasema.

"Za jina langu, mama Léonie. Nikisema Douglas aende nyumbani, anakwenda. Akianguka jikoni kwake na njiwa wakabaki wanamtazama, hawataulizwa wasaidizi. Nitaulizwa mimi. Na ataanguka, babu, kwa sababu jikoni kwake wewe haupo."

Léonie akachukua mkoba wake, akasema polepole kwamba kwa jambo hilo hata arobaini na nne ni kidogo, akaenda kuwasha birika.

Siku zilizofuata Khamis alijifunza kutosaidia, na sijawahi kuona mtu akijifunza kitu kwa taabu hivyo. Alisimama karibu na wagonjwa mikono ikiwa tayari bila kugusa, kama inavyotakiwa, na vidole vikitetemeka kama vya mtu aliyefunga anayeandaliwa futari saa moja kabla ya adhana. Bibi wa Cabramatta akinyanyua mguu, Khamis alinyanyua wake. Nyumbani, Suhaila aliniambia, alimwacha hata mtoto wa mwisho ahangaike na zipu ya jaketi, kisha akaenda chooni kujificha asione.

Ijumaa ikafika. Meneja alikaa pembeni. Huda alisimama nyuma ya Khamis na kalamu. Douglas alikaa kwenye kiti chake, akisubiri lifti yake ya kila siku.

"Twende, mzee wangu," akasema Khamis. "Mara kumi."

Douglas akaanza kuinuka. Akaguna. Akatazama kushoto, mkono haupo. Akatazama kulia. "Leo umekuwaje, Khamis? Wamekukata mikono?"

"Ipo hapa, mzee wangu. Leo inapumzika."

Douglas alitukana, kwa namna ya madereva wa malori, na kwa hasira akainuka. Akakaa. Akatukana tena, akainuka. Ya tatu ilikuwa nzito. Ya nne alifika katikati, magoti yakaanza kucheza, jasho likamtoka kwenye nyusi, akamwangalia Khamis usoni. Alikuwa mzee anayeomba. Nilimwona Khamis akiuma midomo. Mkono wa kulia ukaanza kwenda.

"Babu!" Huda akaita kwa Kiswahili. "Mguse nikutaliki hapahapa!"

Mkono ukarudi kama uliogusa jiko.

"Amesema nini?" Douglas akauliza, bado yuko katikati, anatetemeka.

"Amesema unaweza," Khamis akajibu.

"Mwambie najua," Douglas akasema, na akainuka. Akasimama wima bila kushika kitu, anahema, macho yamemtoka, kama mtu aliyejikuta juu ya paa bila kujua amepandaje. "Hii ni mimi," akasema. "Hii ni mimi peke yangu, sivyo?"

"Wewe peke yako," Khamis akasema.

Hakufika kumi. Alifika saba. Huda aliandika saba. Douglas alidai nane, wakabishana, na ikabaki saba. Lakini alitoka pale anatembea tofauti, na Jumatatu alifika mapema, akakaa kwenye kiti akaanza kabla hajaitwa.

Meneja alimuuliza Huda pale pale. Huda alisoma alichoandika, akatia sahihi, kisha akampa Khamis asome kabla ya kumpa meneja. Khamis aliisoma ile karatasi kwa muda mrefu.

"Umeandika nafaa."

"Nimeandika."

"Na hapa chini umeandika kwamba kwa wagonjwa wazee nikumbushwe kutowasaidia mno."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Lakini unaniharibia jina mbele ya meneja, mke wangu."

"Utajijua. Ungeoa mwingine."

Kazi ya kudumu alipewa wiki iliyofuata, pamoja na dola mbili juu ya kila saa. Tulikuwa kwenye gari tunarudi Minto alipompigia Suhaila, simu ikiwa imewekwa sauti ya nje, kwa hiyo niliyasikia yote bila kutaka.

"Wamenipa," akasema. "Ya kudumu. Ofisi za usiku sirudi; chakula cha usiku usinihesabu mgeni tena."

Ndani ya gari tulisikia watoto wakigombana nyuma ya Suhaila. Aliwanyamazisha kwanza. "Na mshahara?"

"Thelathini na nne sasa."

"Na huyo mke mwenzangu anapata ngapi?"

"Arobaini na nne. Bado ananizidi kumi."

"Basi mpe salamu zangu," Suhaila akasema. "Mwambie Jumapili napika pilau, na nyama analeta yeye. Mbuzi, na aje mapema akatakate vitunguu. Asidhani ameolewa bure."